Mtoto hajakaza shingo, unaambiwa "subiri, atakua": wazazi wa Moshi na Arusha tuzungumze

MamaNdizi_Mbuyuni (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Uzi huu nimekaa nao kifuani karibu mwaka mzima. Leo mwanangu ametimiza miaka 4, amelala, nami nimepata nafasi ya kuandika. Ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni mama wa Pasua, nauza ndizi soko la Mbuyuni. Mtoto wangu wa kwanza ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema ukaacha shida ya misuli na mwendo. Uchungu ulinishika alfajiri, nikajifungua usiku wa siku ya pili yake. Alipotoka hakulia. Nikaona anapelekwa mezani, wanambana kile kipira cha kupuliza hewa usoni, mimi nimelala pale nasikiliza ukimya wake. Alikuja kulia baadaye sana, sauti nyembamba kama ya paka mdogo. Tukalazwa wodi ya watoto wachanga siku 9. Siku ya kuruhusiwa niliambiwa: mtoto alichoka wakati wa kuzaliwa, sasa ni mzima, mnyonyeshe, mlete kliniki kwa chanjo. Basi. Hakuna aliyenieleza kwamba mtoto aliyechoka namna ile anatakiwa kufuatiliwa shingo yake, mikono yake, anavyonyonya, anavyotazama.

Kliniki sikukosa hata mwezi mmoja. Kadi yangu ilikuwa nzuri, nukta zinapanda kwenye kijani. Lakini miezi 4 mtoto bado kichwa kinalala upande kama mkungu uliokosa nguzo. Vidole gumba amevificha ndani ya ngumi. Akinyonya, maziwa yanatokea puani. Nikauliza. "Wavulana huwa wanachelewa, subiri." Miezi 6 nikauliza tena. "Uzito wake mzuri, subiri, atakua." Miezi 9, siku ya sindano ya surua, wenzake wamekaa kwenye mkeka wanagombania kopo, mimi wangu nimempakata kama mtoto wa wiki tatu. Nikauliza mara ya tatu. Yule muuguzi alikuwa na foleni ya akina mama nyuma yangu inafika mlangoni, na simtupii lawama peke yake. Alisema, "Kila mtoto na wakati wake, mama."

Nyumbani mama mkwe alishuka kutoka Kibosho na chupa ya mafuta, akawa anamkanda asubuhi na jioni. Alifanya kwa upendo, mpaka leo namshukuru. Tuliombewa pia. Baba yake akaacha kumbeba mbele za watu. Kwamba mtoto ana tatizo kila mtu alikuwa anaona, na kila mtu alikuwa anasubiri.

Aliyenishtua alikuwa mteja. Binti mdogo tu, mwanafunzi wa tibakazi (tiba ya kumwezesha mtu kufanya shughuli zake za kila siku) pale hospitali ya KCMC, alikuja kununua ndizi za mtori. Nilikuwa nimembeba mtoto mgongoni. Binti akaushika mkono wake, akajaribu kukifungua kile kidole gumba polepole, kikarudi ndani. Akaniuliza ana miezi mingapi. Nikamwambia 13. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama, alipozaliwa alilia?"

Jamani. Miezi 13, kliniki zote zile, na mtu wa kwanza kuniuliza swali hilo akawa mnunuzi wa ndizi.

Mazoezi ya tiba tukaanza mtoto ana miezi 15. Tangu siku niliyouliza mara ya kwanza imepita miezi 11. Miezi hiyo ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu najua kuna mama sasa hivi yuko ndani yake.

Na kuna jambo nililielewa vibaya hata baada ya kufika. Nilidhani mazoezi ni kama sindano: unampeleka, anafanyiwa, unarudi nyumbani. Nilikuwa nafunga biashara, napanda daladala, anafanyiwa nusu saa, narudi nambeba vilevile nilivyombeba jana, miguu imenyooka na kupishana kama mkasi, na uji nampa amelala chali. Siku moja mtaalamu wetu akaniambia: "Mimi namwona nusu saa kila wiki mbili. Wewe unaye saa zote zilizobaki. Leo sitamgusa mtoto, nitakufundisha wewe." Siku hiyo ndiyo nahesabu kwamba mwanangu alianza matibabu.

Akanifundisha kumbeba kiunoni, miguu ameitawanya huku na huku ya kiuno changu, misuli ya mapaja ilegee yenyewe. Kumlaza ubavu na kumwekea kitu cha kuchezea mbele ili mikono yake ikutane. Kumvalisha akiwa amekaa kwenye mapaja yangu badala ya kumlaza na kuvuta mguu uliokaza. Kumlisha akiwa wima, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani, mimi nikiwa mbele yake usawa wa macho, kijiko kikitokea mbele, siyo juu. Uji mwepesi ndio uliokuwa unampalia. Mtori mzito unashuka vizuri. Sisi wa Kilimanjaro chakula cha watoto hawa tunacho nyumbani na hatujui! Kabla ya hapo alilazwa mara tatu kwa nimonia, na niliambiwa kwamba inawezekana kabisa chakula kilikuwa kinapita njia ya hewa.

Baba yake alirudi kwa njia ya kiti. Mtaalamu alitupa vipimo vya kiti cha pembe, kile chenye mgongo wa kona unaomshika mtoto asianguke, akasema si lazima kinunuliwe. Mume wangu akakusanya maboksi magumu dukani kwa rafiki yake, akayabandika tabaka juu ya tabaka kwa uji wa unga wa ngano, akayakandamiza kwa mawe, akayaanika juani mpaka yakawa kama mbao. Akakipaka rangi ya bluu. Siku mtoto alipokaa humo akatutazama sote usawa mmoja mezani, mume wangu alitoka nje akakaa huko muda mrefu.

Mwanangu hatembei. Sitaki kumdanganya mtu hapa. Anakaa kwenye kiti chake, anashika kijiko tulichokikunja, anasema maneno machache ambayo sisi tunayaelewa, na anacheka sana. Sijui angekuwa wapi tungeanza miezi 4. Hilo swali ninalo kila usiku.

Naomba wenye watoto kama hawa, Moshi na Arusha, mwandike: mlianzia wapi, nani aliwasaidia, mlikosea wapi. Na wataalamu kama mpo, tunaomba mtufundishe.

---

Mrombo_Kwetu

Pole sana dada na hongera. Nimesoma mpaka mwisho, nimemwita mke wangu naye asome.

---

Kiboriloni_Juu

Mleta mada pole, ila naomba tusiwatishe wazazi. Wa kwangu alitembea ana miezi 17 na nusu, leo yuko darasa la tatu anaongoza. Tukianza kukimbiza kila mtoto hospitali kwa sababu jirani yake ametangulia kukaa, tutawapa akina mama presha bure. Watoto hawafanani.

---

Tibakazi_Kaskazini

Nashukuru kwa uzi. Mimi ni mtaalamu wa tibakazi, nafanya kazi na watoto kanda hii ya kaskazini.

Kaka wa Kiboriloni, kwa mtoto wako uko sahihi kabisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2006 lilitoa vipimo vya mwendo wa watoto wazima: kutembea bila kushikwa kunaanzia kama miezi 8 na kunafika miezi 17.6. Mtoto wako alikuwa ndani ya mstari. Lakini vipimo hivyohivyo vinasema kukaa bila kuegemezwa mwisho wake ni kama miezi 9.2. Kwa hiyo "watoto hawafanani" ni kweli, ila kutofanana huko kuna ukingo, na mtoto wa mleta mada alikuwa ameshauvuka. Halafu aliyezaliwa bila kulia hatusubiri afike ukingoni. Huyo, pamoja na njiti, pamoja na aliyepata manjano kali au homa ya uti wa mgongo, anafuatiliwa tangu anatoka wodini hata kama anaonekana mzima.

Nieleze kwa nini tunakimbilia mapema. Ubongo wa mtoto unafikia kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima anapokaribia miaka mitatu. Kipindi hicho ndicho unajifunga njia zake, na njia inayotumika kila siku ndiyo inayobaki. Jeraha la ubongo linaloleta mtindio haliponi na pia haliongezeki. Kinachobadilika ni mwili: misuli iliyokaza inafupika, kifundo kinakataa kukunjika, nyonga inatoka taratibu bila mtoto kuweza kusema inauma. Hayo mengi yanazuilika au yanacheleweshwa, lakini yanazuilika kabla, siyo baada.

Vitu ambavyo mzazi asikubali kuambiwa asubiri:

Shingo haijakaza kwa miezi 4. Ngumi zimefungwa muda wote baada ya umri huo. Mtoto hatabasamu kwa mtu akiwa na miezi 3. Miguu inanyooka na kupishana ukimsimamisha. Anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka. Wazazi hufurahi wakidhani ni mashoto, kumbe mkono wa pili una shida. Hageuki ukiita jina lake akiwa na mwaka mmoja: hapo pima masikio kwanza, kisha uliza kuhusu usonji. Na mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza, umri wowote ule.

Kuna moja naliweka peke yake. Mtoto wa miezi mitatu mpaka minane hivi anayejikunja ghafla, kichwa kinaanguka mbele na mikono inaruka, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu mfululizo, hasa akitoka usingizini. Nyumbani tunasema chango. Hicho kinaweza kuwa kifafa cha watoto wachanga na kinaharibu ubongo kwa kasi. Mrekodi kwa simu, nenda kwa daktari wa watoto siku hiyohiyo. Video yako itasaidia kuliko maelezo yako.

Vilevile kichwa kinachokua upesi kuliko mwili, utosi umevimba, macho yanatazama chini kama jua linalozama. Kichwa maji hakingoji mwezi ujao.

Na mazoezi hayasubiri jina la ugonjwa. Siku hizi mtindio wa ubongo unaweza kutambuliwa kabla ya miezi 6. Hata daktari akisema "bado hatuna uhakika", unauliza: wakati tunatafuta uhakika, nimshike vipi, nimlishe vipi, acheze vipi?

---

Kiboriloni_Juu

Nimeelewa mtaalamu. Nafuta kauli yangu kwa upande huo. Hiyo ya chango imenigusa, mtoto wa dada yangu alikuwa anafanya hivyohivyo.

---

BabaWawili_Sakina

Niko Arusha. Wangu alizaliwa na miguu kifundo, nyayo zote mbili zimegeukia ndani. Sisi tulipata bahati, mkunga aliyemzalisha mke wangu alituambia palepale: msilie, hii inanyooshwa, wiki ijayo mwende. Tukaenda ana siku 12.

Kila wiki anafungwa plasta ngumu, ile wengi tunaiita hogo, mguu unageuzwa kidogo, wiki inayofuata inatolewa, unageuzwa tena. Plasta sita. Halafu wakakata kidogo ule mshipa wa kisigino kwa ganzi, plasta ya mwisho, kisha viatu vilivyounganishwa na chuma. Saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, baada ya hapo usiku na usingizi wa mchana mpaka miaka minne au mitano.

Hapo ndipo tulipoanguka, naandika ili mwingine asianguke. Miguu ilinyooka, tukafurahi. Mtoto akifungwa viatu usiku analia. Bibi yake alikuja kututembelea, akasema mnamtesa mtoto aliyekwisha pona, akavitoa. Nami nikakubali, maana kweli kwa macho amepona. Miezi mitano baadaye kisigino kikaanza kupanda. Tukarudi kwenye plasta upya. Yule bibi mwenyewe sasa ndiye mlinzi wa viatu, akipiga simu anauliza viatu kabla hajauliza salamu. Kosa lilikuwa letu: tulikwenda kliniki wawili tu, yeye hakuelezwa na mtu.

Kwa wenzangu wa Arusha, mtoto anayehitaji upasuaji wa viungo, kuna Plaster House, ipo tangu 2008, watoto wanakaa pale wakijiandaa na wakipona baada ya upasuaji. Niliwaona wa miguu kifundo, wa makovu ya moto, na wengi wenye miguu iliyopinda kwa madini ya floridi kwenye maji yetu. Hilo la floridi linahitaji uzi wake. Ila niseme tu: mwenye mtoto mdogo kwenye maji yenye chumvichumvi na anayepikia magadi, aulize mapema.

---

Mwalimu_Tengeru

Nimesoma Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalum hapa Tengeru, na nafundisha. Wazazi wengi wanatuletea mtoto ana miaka 7 au 8, hajawahi kutoka nje ya geti. Unamuuliza mama, mtoto anakuambiaje akitaka maji? Anasema "najua tu." Miaka 8 mama anajua tu, na mtoto hajawahi kupata njia ya kusema, hata ya kidole au picha. Mama huyo kachoka, mtoto ana hasira, na sisi tunaanza pale ambapo tulipaswa kuanza akiwa na miaka miwili. Mwambieni mtoto maneno mawili achague: ndizi au uji? Mngoje atazame. Kutazama ni jibu. Lichukueni.

Mimi naamini mawasiliano tunayaweka nyuma mno. Wazazi wanataka miguu kwanza. Mtoto anaweza kuishi bila kutembea. Bila kueleweka ni kifungo.

---

MamaNdizi_Mbuyuni (mleta mada)

Mwalimu, hilo la mwisho limenitoa machozi. Ni kweli mwaka wa kwanza niliuliza "atatembea?" peke yake. BabaWawili, la bibi ni la kwetu pia. Mama mkwe nilimpeleka mazoezini mara moja tu, akajionea mwenyewe kwa nini tusimvute mguu kwa nguvu, tangu siku hiyo mafuta yake na mikono yake vikawa upande wetu.

---

Mjukuu_OldMoshi

Bibi yangu ana miaka 80 na zaidi, nimemsomea uzi huu wote. Anasema niandike hivi: zamani watoto hawa walifichwa chumba cha ndani. Mdogo wake alifichwa. Wageni wakija anafunikwa na shuka. Alikufa mkubwa tu, hajawahi kufika sokoni. Bibi anasema mwambieni huyo mama wa ndizi, kumbeba mwanao sokoni ndiko kulikomleta yule binti.

---

Mtanga_Mbali

Wakuu, mimi ni wa Machame, niko Marekani miaka mingi, mwanangu ana Down sindromu, hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha makuzi. Naeleza ya huku, kwa kutafuta tunachoweza kuchukua.

Huku kuna sheria tangu 1986 kwa watoto kuanzia kuzaliwa mpaka wanapofikisha miaka mitatu. Mtu yeyote akitilia shaka, mzazi, nesi, shangazi, anapiga simu. Kuanzia siku hiyo wana siku 45 mtoto awe amepimwa na kikao cha kwanza na familia kimefanyika. Kinaandikwa mpango, na huo mpango ni wa familia, siyo wa mtoto peke yake: tulieleza wenyewe tunahangaika na nini, wakaandika. Unapitiwa kila miezi sita. Na mtaalamu anakuja nyumbani. Anakaa sakafuni sebuleni kwetu, anatumia vitu vyetu. Wa kwetu alifundisha kumketisha mtoto kwa kutumia beseni la kufulia na taulo.

Pesa za kuendesha hivyo ni nyingi, naelewa. Lakini beseni na taulo Moshi vipo. Na siku 45 ni ahadi ambayo mtu ameiandika. Mleta mada yeye alisubiri miezi 11 kwa sababu hakuna aliyekuwa na tarehe ya kuvunja.

Kwa wenye watoto wa Down: kabla ya yote moyo upimwe. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na hitilafu ya moyo. Masikio pia.

---

MamaDown_UsaRiver

Namuunga mkono ndugu wa Machame. Wangu moyo ulikuja kugunduliwa ana mwaka na miezi minne, tukapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Kabla ya hapo niliambiwa hawa watoto huwa wavivu kunyonya. Hakuwa mvivu, alikuwa anachoka.

---

Njoro_Nyuma

Swali la pesa jamani. Sera inasema mtoto wa chini ya miaka 5 anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Sawa. Nauli nani ananilipia? Mimi ni mfanyakazi wa ndani, mazoezi mara mbili kwa mwezi ni siku mbili sina mshahara. Nilianza, nikaacha. Siyo kwamba simpendi mwanangu.

---

Tibakazi_Kaskazini

Dada wa Njoro, hakuna anayekudhania hivyo. Wazazi wanaoacha, wengi wanaachishwa na nauli.

Mambo mawili matatu. Mwambie mtaalamu wako waziwazi: "Naweza kuja mara moja kwa mwezi tu, nipe kazi ya mwezi mzima." Atakupanga, na akikuonyesha zoezi mrekodi kwa simu yako ukilifanya wewe, siyo yeye. Pili, nenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au wa hospitali, ueleze hali yako, maana kuna msaada ambao bila yeye haufunguki. Tatu, vipo vituo vya karibu. Moshi mjini kuna vituo vya mchana vya watoto wenye ulemavu vya BCC (Building a Caring Community), mtoto anashinda pale nawe unafanya kazi. Kuna Gabriella, ambao wanafanya kazi na watoto wenye usonji, mtindio na wengineo, na wanafundisha wazazi. Upande wa Arusha kuna kituo cha Sibusiso, njia ya Tengeru. Ulizeni wenyewe nafasi na gharama, zinabadilika.

KCMC, kwa wasiojua, mbali na tiba kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, TATCOT, tangu 1981. Watu wanatoka nchi nyingine za Afrika kuja kusoma pale. Kwa hiyo mtoto wa Moshi kukosa kiatu cha kushika kifundo ni jambo linaloniuma.

Na serikali inayo programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ile wanaiita MMMAM, ilizinduliwa Desemba 2021, inamgusa mtoto kuanzia tumboni mpaka miaka 8. Inataja watoto wenye ulemavu. Kwenye mikutano ya mtaa ulizeni: kwetu imefika vipi? Mhudumu wa afya wa mtaa wetu amefundishwa kumtambua mtoto aliyechelewa?

---

MamaNdizi_Mbuyuni (mleta mada)

Dada wa Njoro, niandikie ujumbe wa ndani. Tuko akina mama watano wa Pasua na Njoro, tunakutana Jumapili baada ya ibada, mmoja akienda mazoezini anawafundisha wengine aliyoonyeshwa. Mtoto wa mwenzio akilia unampokea. Kukaa na mtu ambaye hahitaji kuelezwa ni dawa.

---

Kijana_wa_Rau

Samahani kuingilia. Mimi ni baba, nina miaka 24. Mtoto wetu ana miezi 5. Alizaliwa miezi saba ya ujauzito. Shingo bado. Ngumi zimefungwa. Mke wangu ananiambia kila siku twende, mimi ndiye nasema tusubiri mpaka amalize chanjo, kwa sababu naogopa watakachosema. Nimesoma hapa nikaenda kumwangalia amelala.

---

Tibakazi_Kaskazini

Kaka, kwanza: kwa mtoto njiti tunahesabu umri kwa kutoa wiki alizotangulia. Kama alizaliwa miezi miwili kabla, kwa mwendo ni wa miezi 3 hivi. Kwa hiyo shingo peke yake isikuvunje moyo. Lakini njiti anafuatiliwa kwa vyovyote vile, usisubiri chanjo imalizike. Wiki hii. Beba kadi ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa wodini. Waambie maneno haya: "Alizaliwa njiti, tunaomba apimwe makuzi." Na uliza macho pia, retina za watoto waliozaliwa kabla ya wakati zinahitaji kutazamwa.

---

MamaNdizi_Mbuyuni (mleta mada)

Mdogo wangu, kuogopa tuliogopa wote. Mume wangu aliogopa mwaka mzima. Nenda nao, umbebe mtoto wewe, barabarani, mchana kweupe. Mkeo atakumbuka hilo maisha yake yote. Ukitoka rudi hapa utuambie.

---

Kijana_wa_Rau

Tumetoka leo. Nilimbeba mimi.

Daktari wa watoto amesema kuna mkazo kidogo kwenye miguu, mapema mno kulipa jina, arudi kila mwezi. Macho tumepewa tarehe. Mazoezini tumekaa karibu saa nzima. Wametuonyesha kumlaza kifudifudi juu ya kifua changu mara nyingi kwa siku, muda mfupi mfupi, anyanyue kichwa kuutafuta uso wangu. Alinyanyua. Kidogo sana, akaangusha. Mke wangu akalia, yule mtaalamu akamsubiri amalize.

Wamesema tumlaze na ubavu pia, tuweke kitu mgongoni asigeuke. Blanketi likikunjwa linafunguka. Mleta mada, nyie mlitumia nini?

---

MamaNdizi_Mbuyuni (mleta mada)

Mguu wa suruali ya jinzi iliyochakaa. Ukate, ushone upande mmoja, jaza mchanga uliooshwa ukakauka kabisa, au mchele mbovu kama unapata, usijaze sana mpaka ukawa jiwe. Shona mdomo mara mbili maana mchanga unatafuta tundu. Juu yake uvalishe foronya ya pamba unayoweza kuvua na kufua, atatapika hapo kila siku. Uwe mrefu kutoka mabegani mpaka makalioni, usifike kichwani, na wakati wote awepo mtu anamwangalia. Akilala usingizi uutoe.

Kama huna jinzi, Jumanne nipo Mbuyuni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, upande wa ndizi. Ninao wa zamani wa mwanangu, bado mzima.